Hitchcock wa Miaka ya Vita: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu Alfred Hitchcock, na karibu zote zinagusa kipindi kilekile: filamu alizotengeneza tangu alipohamia Marekani mwaka 1939 hadi vita vilipokwisha. Tumechagua nane, na zilizofanana tumeziunganisha.

Nianzie wapi?

*Ndugu wahariri, nimepewa kazi ya muhula kuhusu filamu za Hitchcock za wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Orodha niliyopewa ni ndefu, na nyingine hazina vita ndani yake kabisa. Nitazame zipi, na kwa mpangilio gani?*

Kabla hujatazama hata moja, chora jedwali la safu tatu: jina la filamu, miezi iliyopigwa, na mwezi iliotolewa. Wanafunzi wengi huandika mwaka wa kutolewa peke yake, na hapo ndipo insha inapoanza kwenda mrama. Vita vilikuwa vikibadilika haraka kuliko studio ilivyoweza kukamilisha filamu, kwa hiyo filamu moja inaweza kuandikwa katika hali moja ya kisiasa, ikapigwa katika nyingine, ikaingia kumbini katika ya tatu.

Chukua Foreign Correspondent. Mwishoni mwandishi wa habari wa Kimarekani anatangaza redioni kutoka London huku mabomu yakianguka na taa zikizimika. Filamu ilitolewa Agosti 1940. Mashambulizi makubwa ya anga juu ya London yalianza Septemba 7, 1940. Hotuba ile iliandikwa na Ben Hecht na kubandikwa mwishoni filamu ilipokuwa karibu kukamilika. Anayeandika kwamba Hitchcock "ameonyesha London ilivyopigwa" amekosea. Alionyesha London anayoihofia, kwa watazamaji ambao nchi yao ilikuwa bado haijaingia vitani, na lengo lilikuwa kuwashtua.

Saboteur ni kinyume chake. Ilitungwa Marekani ikiwa bado pembeni, ikaanza kupigwa Desemba 1941, mwezi uleule wa shambulio la Pearl Harbor, ikatolewa Aprili 1942. Ndiyo maana ina hotuba za uzalendo zinazoonekana kama kiraka kwenye kanzu nzuri. Spellbound nayo ilipigwa mwaka 1944 lakini ikatolewa mwishoni mwa 1945, mbele ya umma uliokuwa ukipokea askari waliorudi na majeraha ya akili.

Kuhusu mpangilio, tunashauri wiki nne. Wiki ya kwanza tazama Foreign Correspondent (dakika 120) na Saboteur (dakika 109) kama jozi: zote ni za mtu anayekimbia huku akifukuza, moja kabla ya Marekani kuingia vitani, nyingine baada. Wiki ya pili ni ya Shadow of a Doubt (dakika 108) peke yake. Wiki ya tatu ni Lifeboat (dakika 97) pamoja na filamu mbili fupi za Kifaransa tutakazozieleza chini. Wiki ya nne, Notorious. Rebecca, Mr. & Mrs. Smith na Suspicion ziweke akiba. Ni za kipindi hicho lakini vita havimo, na ukizilazimisha ziseme jambo kuhusu vita utaishia kubahatisha.

Kila filamu itazame mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu na bila kusimamisha. Mara ya pili zima sauti. Mara ya tatu kalamu mkononi, lakini kwa maonyesho mawili tu uliyoyachagua. Anayeandika tangu mara ya kwanza huinamia daftari wakati ambapo mwongozaji anamtaka atazame, kisha huandika kwamba taharuki "haikumgusa".

Dakika zangu zimekwenda wapi?

*Mimi na mwenzangu tumepima Shadow of a Doubt. Yeye kapata dakika 108, mimi dakika 103 na sekunde 41. Wastani wetu wa urefu wa shoti (kipande cha picha kisichokatwa) haulingani. Nani kakosea?*

Hakuna aliyekosea. Filamu ilipigwa kwa fremu (picha tuli) 24 kwa sekunde. Diski zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa Ulaya mara nyingi huendeshwa kwa fremu 25. Piga hesabu: 108 mara 24, gawanya kwa 25, unapata 103.68, yaani dakika 103 na sekunde 41. Filamu haikukatwa, imekimbizwa tu, na sauti nayo imepanda kidogo. Ili ulingane na mwenzako, zidisha kila muda wako kwa 25 kisha ugawanye kwa 24. Katika insha, taja nakala uliyotumia na kasi yake.

Na kwa kuwa mmeshaanza kupima, pimeni vizuri. Chagua onyesho la dakika 3 hadi 5, si filamu nzima. Tumia programu inayosogeza fremu moja moja (kwenye VLC ni herufi E). Kwa kila shoti andika namba, muda wa kuanza, ukubwa wa picha (karibu, kati, mbali), kamera inaelekea wapi, nani anatazama nani, na sauti gani inasikika. Picha moja inapoyeyukia nyingine, hesabu mpaka uko katikati ya huo myeyuko, na fanya hivyo kila mara. Wanaopata idadi tofauti kwa onyesho lilelile huwa wametofautiana hapo. Mwishoni gawanya sekunde za onyesho kwa idadi ya shoti: sekunde 240 zenye shoti 40 zinatoa wastani wa sekunde 6.

Halafu usiuamini sana huo wastani. Katika onyesho la chakula cha jioni, Mjomba Charlie, anayeshukiwa kuwaua wajane, anazungumzia wajane matajiri kwa dharau. Kamera inamkaribia kutoka ubavuni, polepole, hadi uso wake unajaza picha. Mpwa wake, ambaye hatumwoni, anapinga kwamba hao nao ni binadamu, ndipo mjomba anageuka na kututazama sisi moja kwa moja. Shoti hiyo moja ndiyo moyo wa onyesho, na kwenye wastani inamezwa. Andika pia shoti ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote, halafu jiulize kwa nini ziko pale zilipo.

Kitu kingine cha kukagua kabla ya kupima ni umbo la picha. Filamu hizi zina upana wa 1.37 kwa kimo cha 1. Televisheni ikijaza skrini yote pana, ama imekata juu na chini, ama imevuta nyuso. Tafuta kitu cha duara kwenye picha, sahani au saa ya ukutani. Kikiwa kama yai, rekebisha mipangilio kwanza.

Vita viko wapi katika mji ule mtulivu?

*Mwalimu wangu anaiita Shadow of a Doubt filamu ya vita. Mimi naona familia, maktaba na kanisa. Ninakosa nini?*

Unaikosa fedha, kwa kuanzia. Bodi iliyosimamia uzalishaji wa wakati wa vita Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya kujengea mandhari katika filamu moja. Kujenga mji mzima studio hakukuwezekana, basi Hitchcock akapeleka kamera Santa Rosa, California, akatumia mitaa halisi, kituo halisi cha treni na nyumba halisi. Kinachosifiwa leo kama uhalisia kilizaliwa na uhaba wa mbao na misumari. Uhalisia nao una adha zake: Hitchcock alisimulia kwamba mwenye nyumba alifurahi mno kuchaguliwa akaipaka rangi mpya, na ikabidi wapambaji waichakaze upya.

Fedha si yote. Muswada uliandikwa kwa mchango mkubwa wa Thornton Wilder, ambaye alikuwa karibu kuingia jeshini, na kurasa za mwisho zilikamilishwa safarini kwenye treni. Ndani ya filamu, angalia Mjomba Charlie anavyowasili: treni inaingia kituoni ikitapika moshi mweusi unaofunika jukwaa. Shari imefika kwa tiketi halali, ikapokewa kwa mabusu, ikapewa chumba kizuri kuliko vyote. Mwaka 1942 Mmarekani hakuhitaji kuelezwa maana ya hilo.

Fuatilia pia mapacha. Kuna Charlie wawili, mjomba na mpwa wake, na wote tunaonyeshwa kwanza wakiwa wamelala kitandani. Kuna wapelelezi wawili, na washukiwa wawili katika pande mbili za nchi. Baa wanayokaa mjomba na mpwa inaitwa 'Til-Two. Tengeneza orodha yako, lakini ukomee kwenye jozi zinazobadilisha maana ya onyesho. Tumesoma insha zilizohesabu hadi vikombe.

Onyo moja: mama katika filamu anaitwa Emma, na mama yake Hitchcock, aliyefariki Uingereza mwaka 1942 filamu ikiwa bado kazini, naye aliitwa Emma. Litaje ukipenda, kwa sentensi moja. Usijenge tasnifu juu ya jina.

Lifeboat: inawapigia debe Wanazi?

*Katika darasa letu tumegawanyika. Wengine wanasema Willi, Mjerumani, ndiye mwenye akili na nguvu kuliko wote mashuani, kwa hiyo filamu inamtukuza adui. Wengine wanasema ni propaganda ya Marekani. Nyinyi mnasemaje?*

Mgawanyiko wenu una umri wa filamu yenyewe. Ilipotolewa Januari 1944, Bosley Crowther wa New York Times na mwandishi Dorothy Thompson waliishambulia kwa hoja ya kundi lenu la kwanza. Hitchcock alijibu kwamba mashua ile ni dunia ya wakati huo: upande wa demokrasia umevurugika na kila mtu anavutia kwake, ilhali Mnazi anajua anakokwenda. Ujumbe wake ulikuwa kwamba waweke tofauti zao kando, waungane. Sisi tunaona jibu lake linatosha kwa nusu ya kwanza ya filamu tu. Nusu ya pili, abiria wanapomvamia Willi kwa pamoja na kumuua, haistareheshi hata kidogo, na hatuamini kwamba Hitchcock alitaka istareheshe. Huo umoja tulioombwa tuutamani unafika ukiwa na sura ya genge.

Lakini msibishane kwa maneno matupu. Ipimeni filamu.

Chukueni karatasi mchore mashua kutoka juu, omo upande mmoja, tezi upande wa pili. Wekeni vipande tisa vya karatasi: Connie, Kovac, Gus, Rittenhouse, Alice, Stanley, Joe, Willi, na Bi Higley aliyempakata mtoto. Kila watu wanapobadilisha nafasi, sogezeni vipande na muandike dakika. Mtaona anayeshika usukani anavyobadilika, na mtaona Joe, mhudumu Mweusi aliyeigizwa na Canada Lee, anavyowekwa pembeni mara kwa mara. Mjadala wa kupiga kura unapozuka, Joe anauliza kama naye ana kura. Wakati wa mauaji, yeye hashiriki. Mambo haya mawili yasomwe pamoja. John Steinbeck, aliyeandika hadithi ya awali, aliomba mapema 1944 jina lake liondolewe, akilalamika hasa juu ya namna huyo mhusika wake mwenye heshima alivyogeuzwa. Swali zuri la insha ni je, Canada Lee alirudisha kiasi gani cha ile heshima kwa uigizaji wake, kinyume na mistari aliyopewa?

Zoezi la pili ndilo litakaloamua ubishi wenu. Andikeni siri za Willi: kwamba ana dira, kwamba anajua Kiingereza, kwamba ndiye nahodha wa manowari iliyozamisha meli, kwamba ameficha maji. Kwa kila siri wekeni dakika mbili: mtazamaji alipojua, na abiria walipojua. Toeni moja kwa nyingine. Namba ikiwa kubwa, hiyo ni taharuki: mmekaa na siri mnayotamani kuipigia kelele, kama ile dira tunayoiona mkononi mwa Willi wengine wakiwa hawana habari. Namba ikiwa sifuri, ni mshtuko tu. Mkishamaliza, tazameni ni kwa siri zipi Hitchcock ametufanya washirika wa Willi na kwa zipi ametuacha upande wa waliodanganywa. Hapo ndipo msimamo wa filamu ulipo, si kwenye hotuba za mtu yeyote.

Mengine tupite haraka. Muziki upo mwanzoni na mwishoni tu. Katikati ni maji, upepo, filimbi na nyimbo, kwa hiyo mara ya pili ya kutazama (ile ya kuzima sauti) irudieni kinyume, mfumbe macho msikilize dakika 10. Vitu vya Connie vinapotea kimoja baada ya kingine, kamera yake ikitangulia, hadi bangili ya almasi inapofanywa chambo cha samaki. Na mnaomtafuta Hitchcock mwenyewe, ambaye hukatiza kwenye filamu zake, mtazameni kwenye gazeti, katika tangazo la dawa ya kupunguza unene, picha ya kabla na ya baada.

Ndege ile iliangukaje, na kwa nini bahari inaonekana ya uongo?

*Nyuma ya waigizaji mara nyingi naona picha iliyofifia, kama imebandikwa. Lakini kuanguka kwa ndege katika Foreign Correspondent kunatisha hadi leo. Ni mbinu tofauti?*

Ni mbinu moja iliyotumiwa kwa ujanja tofauti. Projekta inasimama nyuma ya pazia linalopitisha mwanga na kurusha picha ya bahari au barabara, waigizaji wanakaa mbele ya pazia, kamera inapiga vyote pamoja. Vifuniko vya lenzi vya kamera na projekta lazima vifunguke kwa wakati mmoja, la sivyo picha ya nyuma inapepesa. Ufifi unaouona una sababu tatu. Picha ya nyuma imepigwa mara mbili, hivyo chembechembe zake ni kubwa zaidi. Mwanga unapungua ukipita kwenye pazia. Na taa za studio mara nyingi hazitoki upande uliko jua la picha ya nyuma. Ukitaka kuigundua, angalia kivuli cha pua ya mwigizaji kisha vivuli vya nyuma yake. Nakala za siku hizi zilizosafishwa zinaanika kasoro ambazo zamani zilifunikwa na ukungu wa nakala za kumbini.

Katika ile ajali, Hitchcock alieleza kwamba walipiga picha kutoka kwenye ndege iliyokuwa ikipiga mbizi kuelekea baharini, wakairusha kwenye pazia la karatasi ya mchele mbele ya chumba cha marubani. Nyuma ya karatasi kulikuwa na matangi ya maji. Bahari ilipojaza pazia, kitufe kikabonyezwa, maji yakapasua karatasi na kuwafunika marubani, yote katika shoti moja bila kukata. Maji ni mengi na ya haraka mno kwa jicho kuona karatasi ikichanika. Kwa kuwa kamera haikukatwa, akili haina mahali pa kujificha. Sogeza fremu moja moja hapo uone jinsi mpaka kati ya picha na maji halisi usivyokamatika.

Katika Saboteur, Fry, yule mhujumu, anapoanguka kutoka Sanamu ya Uhuru, ujanja ni kupindua: mwigizaji Norman Lloyd hakuanguka popote, kamera ndiyo iliyopandishwa juu kwa kasi, kisha picha ikaunganishwa na mandhari ya chini. Baadaye Hitchcock alikiri kwamba onyesho lina kasoro isiyo ya kiufundi: anayening'inia ni mwovu, na hofu yetu ingekuwa kubwa zaidi angekuwa shujaa.

Vita vilihusika pia. Mpiga picha aliyetumwa Amsterdam kwa ajili ya Foreign Correspondent, kwa simulizi ya Hitchcock, alisafiri kwa meli iliyopigwa torpedo, akapoteza vifaa vyote, akalazimika kwenda tena. Ule uwanja wa mauaji kwenye mvua na miavuli ulijengwa Hollywood, na mfumo wake wa kutolea maji.

Hizo filamu za Kifaransa

*Nimesikia Hitchcock alitengeneza filamu mbili kwa Kifaransa. Zina thamani yoyote kwa mwanafunzi?*

Zina thamani, hasa moja. Mapema 1944 alirudi Uingereza na kuiongozea Wizara ya Habari filamu mbili fupi katika studio za Welwyn, kwa waigizaji Wafaransa waliokuwa uhamishoni, ambao walitambulishwa kwa jina la pamoja la Molière Players. Bon Voyage ina dakika 26, Aventure Malgache dakika 31. Zilikaa kabatini miaka mingi na kutolewa pamoja kwa umma mwaka 1993.

Bon Voyage ni shule nzima ya uhariri. Askari wa jeshi la anga la Uingereza anasimulia alivyotoroka Ufaransa akisaidiwa na mfungwa mwenzake wa Kipolandi. Ofisa anayemsikiliza kisha anaisimulia safari hiyohiyo upya: yule mwenzake alikuwa wakala wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akimtumia askari huyo kama tochi ya kumulikia mtandao wa wapinzani. Gawa ukurasa safu mbili, kushoto simulizi ya kwanza, kulia ya pili, kila tukio mkabala na pacha wake. Kisha tafuta shoti ya kwanza ilikatwa wapi kabla ya ukweli kuonekana. Mara nyingi uongo wote wa filamu umo katika kuondoka mapema chumbani.

Aventure Malgache, kuhusu mpinzani wa serikali ya Vichy (ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, chini ya Pétain) kisiwani Madagascar, imejaa mazungumzo na inachosha, tusifichane. Itazame kwa ajili ya mwisho wake: mkuu wa polisi, Waingereza walipokwisha kuwasili, anashusha picha ya Pétain na kutundika ya Malkia Victoria, na chupa ya maji ya Vichy inampisha whisky. Hapo huhitaji hata tafsiri ya chini ya picha.

Je, aliongoza filamu ya kambi za mateso?

*Mtandaoni naona ikiitwa "filamu ya Hitchcock kuhusu Maangamizi ya Wayahudi". Ni kweli?*

Si kweli kwa namna hiyo. Filamu inaitwa German Concentration Camps Factual Survey na mtayarishaji wake alikuwa Sidney Bernstein. Picha zilipigwa na wapiga picha wa majeshi ya washirika kambi zilipokombolewa. Hitchcock alikaa London kwa muda mfupi katikati ya 1945 kama mshauri wa mpangilio. Ushauri unaonasibishwa naye ni wa maana sana kwenu wanafunzi: tumia shoti ndefu zinazogeuka bila kukata, ili maiti na mashuhuda waonekane ndani ya picha moja na pasiwepo wa kusema ni ghushi. Mtu aliyejulikana kwa kukata alishauri pasikatwe. Kazi iliachwa 1945 kabla ya kukamilika. Sehemu yake ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1985 kwa jina Memory of the Camps, na Imperial War Museum ikaikamilisha mwaka 2014. Katika insha andika "mshauri", na usiipime kwa saa na jedwali kama tulivyoeleza juu.

"Alisema mwenyewe"

*Nimenukuu maneno ya Hitchcock kuhusu urani katika Notorious na mwalimu kanikata alama, ati si ushahidi. Kama maneno ya mwenyewe si ushahidi, ushahidi ni nini?*

Mwalimu wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukueleza zaidi. Mengi tunayoyanukuu, na sisi humu tumefanya hivyo mara kadhaa, yanatoka kwenye mazungumzo yake na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut ya mwaka 1962. Ni kumbukumbu za miaka 20 baadaye, zilizopitia mkalimani, kutoka kwa msimuliaji aliyependa kisa kikae vizuri. Ndiyo maana tunaandika "alieleza" na "kwa simulizi yake". Nawe fanya vivyo hivyo.

Kuhusu urani, madini ya kutengenezea bomu la atomiki, alisema aliuliza kuhusu bomu la atomiki kabla dunia haijalijua, na kwamba FBI walimfuatilia miezi mitatu. Huenda. Bomu la Hiroshima liliangushwa Agosti 6, 1945. Filamu ilianza kupigwa Oktoba 1945, lakini yeye na Ben Hecht walikuwa wameanza kuiandika 1944. Kinachohitajika hapo ni rasimu ya muswada yenye tarehe na neno "urani" ndani yake. Karatasi za Hitchcock ziko Margaret Herrick Library huko Beverly Hills, na za mtayarishaji David O. Selznick ziko Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Usipoweza kuzifikia, tafuta watafiti waliozisoma na wanaotaja tarehe ya waraka, si mwaka wa filamu.

Mfano wa kujaribia ni huu. Katika Saboteur, Fry akiwa ndani ya teksi anatazama meli kubwa iliyolala ubavu bandarini New York, kisha anatabasamu kidogo. Meli ile ni Normandie halisi, iliyoungua Februari 9, 1942. Chanzo rasmi kilikuwa cheche za mafundi wa kuchomelea, si hujuma. Hitchcock alisema Jeshi la Majini lilikasirishwa na shoti hizo. Andika mambo haya manne kila moja kwenye mstari wake: moto, chanzo rasmi, tabasamu la Fry, kauli ya Hitchcock. La kwanza na la pili yana kumbukumbu za wakati ule, la tatu utalithibitisha kwa macho yako kwenye nakala yoyote, na la nne pekee ndilo linalohitaji "alisema".